Chelezo cha Watu Sita

Kilikuja kutoka Kyela mjini kwa bajaji, kimekaa kiti cha nyuma kama abiria aliyelipa nauli, na mwenye nacho amebanwa pembeni amekikumbatia. Ganda jeupe la plastiki, refu kama kreti mbili za soda zilizounganishwa, limefungwa mikanda, na maandishi ya kigeni ubavuni. Ndani yake, tuliambiwa, kumekunjwa mpira mkubwa. Boti ikizama unavuta kamba, gesi inaingia, mpira unafumuka, na watu sita wanapanda na kukaa wakisubiri kuokolewa. Jina lake ni chelezo. Mimi chelezo ninachokijua ni magogo yaliyofungwa pamoja, lakini sikubishana na jina.

Wanaume wetu walikizunguka mikono nyuma, kama wanavyozunguka ng'ombe wa mahari. Mmoja akasema, "Cheupe kweli." Mwingine akasema, "Kitapendeza pale mbele ya boti." Mwanangu, kitinda mimba wangu, akapitisha kiganja juu ya lile ganda taratibu, kama kichwa cha mtoto mchanga. Nikajua tayari ameshanunua moyoni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kinaelea.

Nieleze kwanza walifikaje hapo, kwa sababu mwanzo wake haukuwa wa kijinga.

Boti ni ya watu wawili, mwanangu na mzee mmoja wa kanisa, jirani yetu. Ni boti ya mbao yenye mashine, ndogo, lakini inakwenda mbali, hadi nyumba zetu zinapotea na milima ya Ukinga inabaki kama moshi. Huko ndiko waliko usipa, dagaa wetu, siku hizi, karibu na nchi kavu wamekwisha. Msimu wa mvua uliopita boti ya watu wa jirani, ndogo kama hii, ilipinduliwa na upepo wa kusini mchana kweupe. Watu watatu waling'ang'ania tumbo la boti mpaka usiku. Wawili walirudi. Wa tatu vidole vilichoka akaachia. Mke wake alikuwa amechukua chungu kwangu wiki ile ile, na kwenye msiba nilikikuta jikoni kwake, bado kipya, hakijashika masizi.

Baada ya mazishi yale mwanangu na mzee wa kanisa wakasema hawatakwenda tena mbali bila kitu cha kuokolea watu. Nilifurahi. Nilisema, angalau mara moja wanaume wa ufukwe huu wametumia vichwa. Kisha wakaanza kuchagua, na furaha yangu ikaisha.

Majaketi ya kuokolea walikuwa nayo, msinidhanie vibaya. Manne, ya rangi ya chungwa. Mzee wa kanisa alikuwa akiyatunza chumbani kwake ndani ya mfuko wa nailoni ili jua lisiyaharibu. Yalitoka mara mbili: siku wakaguzi wa uvuvi walipokuja, na siku mwanangu alipopiga picha. Picha hiyo anayo kwenye simu. Amesimama ndani ya boti iliyo mchangani, jaketi limefungwa mpaka kidevuni, uso kama waziri.

Kwenye vikao vyao mwanangu aliwahi kusema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye anaweza kutengeneza chelezo cha mapipa ya plastiki na mianzi. Alikulia Bujonde kwa watu wa baba yake, na huko mianzi wanaijua kama sisi tunavyoujua udongo. Mzee wa kanisa alicheka mpaka akakohoa.

"Mapipa? Watu watasema tunauza pombe."

Mwanangu naye akacheka. Ndivyo alivyo. Akichekwa anakunja wazo lake na kulitia mfukoni.

Ndipo akatafutwa huyu mfanyabiashara. Mtu wa pwani, mlaini wa maneno, anauza pale mjini mashine zilizotumika na vitu vinavyotolewa kwenye meli. Alinisalimu vizuri. Akajaribu hata Kinyakyusa, "Ugonile, bibi," nami nikamjibu, maana adabu ni adabu. Kisha nikainama nikaligonga ganda lake kwa vifundo vya vidole.

Wakaangua kicheko. Mimi ni mfinyanzi. Mama yangu alikuwa mfinyanzi kule Ikombe na mama yake pia. Nimeketi kwenye mnada wa Matema miaka kwa miaka, na sijaona mwanamke aliyebeba chungu changu bila kukigonga na kusikiliza. Chungu chenye ufa kinasema, hata ufa wenyewe usipoonekana. Akishakigonga anakitia maji na kukiweka juu ya mchanga mkavu, ananunua dagaa, anarudi. Mchanga ukilowa, hachukui. Wanawake wa Bujonde na Talatala ndio wagumu kuliko wote. Wanakuja na mpunga wao, na wao bado tunabadilishana kwa njia ya zamani: bei ya chungu ni mpunga unaokijaza. Kwa hiyo chungu kikubwa ni mpunga mwingi, na mtu anayetoa mpunga wake mwingi hakubali kudanganywa na rangi.

"Kifungue," nikamwambia.

"Bibi, hiki hakifunguliwi. Kimefungwa na mafundi. Ukikivuta kamba kikafumuka, kukirudisha humo ndani ni kazi ya wataalamu, tena Dar es Salaam."

"Kwa hiyo wewe umewahi kukiona kimefumuka?"

"Chenyewe hiki? Hapana. Lakini ni cha meli."

"Hao wa meli wamekitoa kwa nini?"

Akaangalia bajaji. "Meli ilibadilisha vifaa."

"Mtu haachi chungu kizima njiani, baba."

Mzee wa kanisa akaingilia kati. Huyu mzee nimemheshimu siku zote, anasali vizuri na mkewe simdai wala hanidai, lakini siku ile alinichosha. Akasema kwa sauti ya mimbarini kwamba kitu kama hiki hakijaribiwi, kwa sababu kukifungua nchi kavu, watu wakiwa wazima, ni sawa na kumchimbia kaburi mtu anayekula ugali. Ni kuita msiba. Wanaume wengine wakatikisa vichwa. Hata mwanangu.

"Mzee," nikasema, "wewe jeneza lako lile la mbao za mninga umeliweka darini mwaka wa ngapi sasa?"

Kila mtu anajua habari ya jeneza lile. Alilitengenezesha mwenyewe kwa sababu hawaamini watoto wake. Alilala ndani yake kupima kama miguu inafika.

"Jeneza ni kitu kingine," akasema.

"Ndiyo. Jeneza umelijaribu."

Hapo wanaume waliokuwa wakitikisa vichwa wakageuka kuangalia ziwa. Nikamwambia mfanyabiashara, sisi huku kitu cha kubeba tunakipima kwa kukijaza. Chako umesema ni cha watu sita. Tutatia watu sita. Kikiwabeba, uchukue mtakachopatana. Usipotaka, bajaji ile pale.

Ni mke wa mwanangu aliyemaliza mjadala. Yeye ni mpole, haongei mbele za wanaume, lakini alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni la nguo, akasema, "Mimi ndiye nitakayekaa matanga. Naomba nikione."

Mfanyabiashara akaona hauzi bila kufungua. Akasema sawa, ila kisipoharibika watakichukua. Wakakiburuta hadi majini, karibu na mahali tunapofulia. Hapo kwetu ziwa linashuka ghafla. Unatembea hatua kumi maji yakiwa kiunoni, ya kumi na moja hakuna chini.

Akavuta kamba. Akavuta tena. Mara ya tatu lile ganda likapasuka katikati, mpira ukatoka na kuanza kuvimba kwa sauti kama ya mbuzi mwenye kikohozi. Rangi ya chungwa, na kihema juu yake. Watoto wa ufukweni wakashangilia. Upande mmoja ulisimama ukakaza. Upande wa pili ukavimba nusu, ukafikiri, ukaacha. Ukabaki umelala juu ya maji kama shavu la mtu aliyeng'olewa jino.

"Ni joto," akasema mfanyabiashara.

"Joto linavimbisha vitu," nikasema. "Tafuta lingine."

"Basi ni baridi ya maji."

Wakatafuta pampu ya baiskeli. Mwanangu akapiga pampu mpaka shati likalowa jasho, upande ule ukapanda kidogo. Mzee wa kanisa akasema sasa kiko sawa kabisa, kamba ndefu tu inahitajika ili tusipelekwe na maji, akaenda nyumbani kwake kuifuata. Akapotea nyuma ya migomba.

Tukaanza kukijaza. Aliingia kwanza mwanangu, kwa kutokea nchi kavu, bila kulowa hata goti. Akafuata mvuvi mmoja wa boti yao. Wengine walikuwa wamekwenda kuvuna mpunga. Nikaingia mimi, na mimi si mwembamba, sijivunii wala sioni haya. Akaingia mkwe wangu. Wa tano alikuwa mke wa mtoto wa mzee wa kanisa. Alikuwa anaosha masufuria jirani, na kwa kuwa baba mkwe wake ameondoka, alikuja kutazama, tukamvuta ndani.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mfanyabiashara hakulijua. Kwetu mwanamke hasimami mbele ya baba mkwe wake. Hatamki jina lake. Akimwona njiani anaacha njia na kuingia migombani mpaka apite. Si ugomvi, ni heshima. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza. Nyumba ya mzee wa kanisa haijalegeza hata uzi mmoja, na yeye mwenyewe ndiye anayeshika kamba.

Tukakaa magoti kidevuni. Watu sita, wameandika. Sijui ni watu wa nchi gani hao, labda hawana magoti. Maji yalikuwa yameanza kuingia upande ule uliolegea, nikaonesha kwa kidole, mfanyabiashara akasema ni maji ya miguuni mwetu. Tulikuwa tumesukumwa mpaka pale chini panapoisha. Mvuvi alikuwa anatania kwamba bibi peke yake ni watu watatu kwa hiyo tumeshafika saba.

Mzee wa kanisa akatokea migombani na kamba yake begani.

"Mzee," mfanyabiashara akamwita, "amebaki mmoja tu watimie sita. Ingia wewe, tumalize biashara."

Ninavyomjua mzee yule, alikuwa na hamu ya kuonesha kwamba alichokichagua ni kizuri, na hamu ikamla macho. Mke wa mtoto wake alikuwa amempa mgongo, kitenge kimefunika kichwa. Mzee akaingia majini na suruali yake ya ibada, akaja mpaka maji kiunoni, akashika ukingo wa mpira, akatupia goti. Chelezo kikainama. Mwanamke akageuka kuona kuna nini.

Uso wa baba mkwe wake ulikuwa hapa, kama kutoka pua yangu mpaka mkono wangu.

Hakupiga kelele. Aliondoka tu. Alitokea upande wa pili kama chura, kichwa mbele, na upande wa pili ndio ule wa pampu ya baiskeli. Mzee naye, alipotambua alichokifanya, akauachia ukingo na kuzamisha uso wake mwenyewe majini ili asione. Kile kitu cha meli, cha watu sita, chenye maandishi, kikajipindua kama kitumbua kwenye mafuta, na kihema chake kikatufunika.

Mimi maji siyaogopi. Sisi watoto wa Ikombe tuliogelea kabla hatujajua kuchota. Nikazama, nikatoka chini ya mpira, nikahesabu vichwa. Mkwe wangu, ndiyo. Mvuvi, ndiyo. Mke wa mtoto wa mzee alishafika ufukweni, anakimbia. Mzee amesimama amefumba macho.

Mwanangu hayupo.

Niliona mkono kwanza. Haukuwa unapunga, ulikuwa unakamata hewa na kuiacha. Nikamfikia, nikamshika kola, naye akanipanda. Baba wa watoto watatu, mwenye ndevu, alinipanda mabegani kama mbuzi anavyopanda kichuguu, akanizamisha. Nikampiga kofi la nguvu zangu zote, kofi la mfinyanzi. Akalegea. Nikamvuta kwa kola mpaka miguu yake ikapata mchanga, na hata alipopata mchanga alikuwa bado anapiga maji kwa mikono, maji ya kiunoni.

Ufukwe mzima uliona. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonionesha kwamba halikuwa jambo dogo, kwa sababu ufukwe wetu unacheka kila kitu.

Alitapika maji. Nikamsimamia.

"Tangu lini hujui kuogelea?"

Akafuta mdomo. Hakuniangalia.

"Tangu uliponipeleka Bujonde, mama."

Nimedharau watu wengi katika habari hii na sitajiruka mimi mwenyewe. Mwanangu alipokuwa mdogo mamba alichukua mtoto wa jirani pale pale tunapofulia. Wiki ile ile nilimfunga mwanangu mzigo wa nguo, nikampeleka kwa bibi yake wa upande wa baba, Bujonde, kwenye mpunga na kakao, mahali ambapo maji yakizidi sana yanafika kwenye shavu la mguu. Nikamwacha huko mpaka akaota ndevu. Na nilijisifu. Kila aliyeuliza kitinda mimba yuko wapi nilimjibu kwamba mimi si kama nyinyi, wangu nimemtoa kwenye mdomo wa ziwa. Kisha akarudi mtu mzima, akaona mpunga unachosha na uvuvi una sifa, akanunua nusu ya boti. Nikajisifu tena. Mwanangu ana boti ya mashine. Miaka yote hiyo anakwenda mpaka milima inageuka moshi, na mimi ninayesikia ufa wa chungu kwa kukigonga mara moja, yeye sikumgonga hata siku moja.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mvuvi hajui kuogelea?"

"Mimi ni mama yako."

"Wewe ndiye ungecheka wa kwanza."

Ningecheka.

Mfanyabiashara alikuwa na shida yake. Kilichofumuka hakikukunjika. Walikikalia, walikikanyaga, walikifunga kamba, lakini hewa ilikuwa inahama tu kutoka upande huu kwenda ule. Bajaji iliondoka na mpira wa rangi ya chungwa umemwagika pande zote mbili kama utumbo wa ng'ombe. Alituambia tumemharibia mali. Nikamwambia ndaga, asante kwa kutembelea. Mzee wa kanisa hakuwepo kuagana naye, alikuwa amejifungia ndani, na walisema alikaa siku mbili bila kutoka. Wazee wa ukoo wake walikwenda kuzungumza naye na yule mwanamke kwa nyakati tofauti, kila mmoja nyuma ya mlango wake. Hayo ni ya nyumbani kwao.

Mimi nilikwenda kwa mwanangu asubuhi iliyofuata. Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, atoe lile wazo la mapipa mfukoni. La pili, saa sita mchana, jua likiwa kali na watu wakipumzika, aje nyuma ya mawe upande wa Ikombe.

"Watu wataona," akasema.

"Wameshaona."

Alikuja siku ya tatu. Nilimfundisha nilivyofundishwa mimi: unachukua chungu kikubwa, unakipindua kichwa chini juu ya maji, hewa inabaki ndani, unakumbatia kitako chake na kupiga miguu. Chungu kikikuponyoka kinakunywa maji na kuzama, kwa hiyo unajifunza kutulia. Alizamisha vyungu vyangu vitano. Alikuwa mzito kama gunia la mpunga mbichi na alikuwa analalamika kuliko watoto wake. Nilimtukana kila siku, matusi ya mama, ya kawaida. Siku aliyozunguka jiwe kubwa bila chungu nilimwambia miguu yake inapiga kama kuku anayechinjwa. Akacheka, akameza maji, hakuogopa. Nikageuka nikajifanya ninatafuta kitambaa changu.

Chelezo akakijenga mwenyewe. Mapipa manne ya buluu ya plastiki, vifuniko vimezibwa, yamebanwa kati ya mianzi aliyoikata Bujonde na kuikausha. Pembeni mwote kamba zilizolegezwa kama masikio ya kikapu, za kushika. Na upande mmoja ngazi ya kamba inayoning'inia ndani ya maji, vipandio viwili, kwa sababu tulikuwa tumejifunza wote kwamba kukaa juu ya chelezo ni rahisi, kazi ni kutoka majini na kupanda. Ule mpira wa meli haukuwa na mahali pa kuweka mguu. Labda hao watu wasio na magoti hawana miguu pia.

Tukakipima kwa kukijaza. Mara hii sharti lilikuwa langu: kila mtu anaanzia majini, pasipo na chini, na nguo zake zote. Asiyepanda mwenyewe haendi na boti. Mzee wa kanisa alikuja, baada ya kuhakikisha kwamba wanawake wa nyumbani kwake wote wako shambani. Alipanda mara ya nne. Mwanangu alipanda mara ya kwanza, akashuka, akapanda tena bila kuambiwa. Kilibeba sita na mimi.

"Lakini sura yake," mzee akasema akikikamua kitambaa chake. "Kinatia aibu."

Kesho yake tukakuta amekipaka rangi nyeupe.

Ningependa kuishia hapo, niseme watu walipata akili. Siku waliyotoka nacho kwa mara ya kwanza nilikwenda kukiangalia, alasiri, mashine imeshawekwa mafuta. Chelezo kimekaa mbele ya boti, kimeng'aa. Nikainama kuangalia kimefungwaje. Mnyororo wa ng'ombe, umezungushwa mara mbili kwenye ubao wa boti, na kufuli kubwa la shaba.

"Hii ni nini?"

"Wezi, mama," mwanangu akasema. "Mapipa yale yanatafutwa."

"Ufunguo uko wapi?"

Wakaangaliana.

"Uko nyumbani kwangu," akasema mzee wa kanisa. "Umetundikwa nyuma ya mlango. Mahali salama."

Nikapanda botini, nikakaa juu ya chelezo. Nikasema, sishuki, na boti ikizama mtaogelea mpaka nyuma ya mlango wa mzee, ufunguo mtaukuta mahali salama. Mvuvi aliyetania siku ile akainamia mashine kuficha kicheko. Mzee akaenda mwenyewe, haraka, kwa miguu yake, akarudi na ufunguo. Mnyororo ukatoka. Kufuli nililichukua mimi, limefunga banda langu la kuku mpaka sasa.

Mahali pa mnyororo nilifunga kamba. Sisi tunaopeleka vyungu mnadani kwa mtumbwi tunavifunga kwa fundo moja, mama yangu alinifundisha. Linashika vyungu thelathini visigongane kwenye mawimbi, lakini lina mkia, na mtumbwi ukitaka kupinduka unavuta mkia huo mara moja, mzigo wote unaachia. Chungu kinafinyangwa kingine. Nilimwonesha mwanangu mara moja. Akafunga. Nikamwambia avute, kikaachia. Nikamwambia afunge tena, afumbe macho, avute kwa mkono wa kushoto. Kikaachia. Nikamwambia tena.

"Mama, jua linatuacha."

"Tena."

Akafunga, akafumba macho, akavuta. Akafunga mara ya mwisho, akaniangalia kama anauliza ruhusa, kitu ambacho hajakifanya tangu nilipomwacha Bujonde na mzigo wake wa nguo. Nikashuka. Wakasukuma boti, mashine ikashika. Sikusimama kuwatazama, nilikuwa nimeacha udongo wangu juani na udongo ukikauka haumngoji mtu.